Nivue, Mama

Loyce ni mtu wa jukwaa, na jukwaa halimtishi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kuimba umeme umekatika, akaimba zipu ya gauni imefumuka mgongoni, akaimba siku ambayo mwenzake aliyetakiwa kufa kwenye onyesho alipitiwa na usingizi kweli akaanza kukoroma. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba Ijumaa ile, kwenye bwalo la chuo cha ualimu kule Korogwe, mchana kweupe, jua linawaka na milango yote iko wazi, Loyce aliogopa.

Lakini tusirukie huko. Tuanze na mapenzi, maana ndiyo yaliyomleta.

Chuo kilimwalika wiki nzima kama msanii mgeni. Kazi yake Dar es Salaam ni ile michezo ya jukwaani ambayo watu wanaimba badala ya kuongea: wanagombana kwa wimbo, wanachumbiana kwa wimbo, wanakufa kwa wimbo. Wazo la kumwita lilitoka kwa mkufunzi wa muziki, Awadhi Mhina, na mkuu wa chuo alimsifu sana mkufunzi wake kwa bidii ya kutafuta msanii mkubwa namna ile. Maskini mkuu wa chuo! Hakujua kwamba msanii na mkufunzi walikuwa wanapendana tangu walipokutana kwenye tamasha Bagamoyo mwaka uliopita, na kwamba walikuwa wamechoka kupendana kwa simu.

"Mama anasemaje?" Loyce alimuuliza siku ya kwanza tu, kabla hata ya kuuliza chakula.

Awadhi alikuna shingo. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye macho ya kusikitika hata akicheka, na alikuwa hajui kudanganya.

"Mama anasema wewe ni Msambaa, ni Mkristo, na unaimba mbele za watu. Anasema la kwanza angelimeza. La pili angelitafuna. La tatu limemkaba."

"Hajaniona, Awadhi."

"Ndiyo nimemwambia aje Jumamosi. Akuone. Akikuona atalainika."

"Na asipolainika?"

Awadhi alibeba begi lake, akatangulia. Tangu baba yake afariki, hakuwa amefanya jambo kubwa bila ridhaa ya mama yake, Bi Mwanaisha wa kijiji cha Kang'ata, na Loyce alijua kabisa kwamba mwanaume huyu hatamwoa kwa kumpitia mama yake pembeni. Alimpenda hivyo hivyo. Ukimpenda mtu unampenda na mama yake.

Sasa, vijana wa chuo aliwapa zoezi moja ambalo hulitumia kila mahali. Kila mmoja alete nguo ya mtu anayemkumbuka, aivae, kisha aimbe kama huyo mtu.

"Msiige sauti," aliwaambia. "Sauti inakuja mwishoni. Kwanza jua anavuta pumzi wapi. Jua anapokuwa na hasira anaweka wapi mikono. Mvae mtu, halafu yeye ataimba."

Kulikuwa na Glory aliyeleta kofia ya babu yake, na Simeo aliyeleta koti la mjomba linalonuka tumbaku, na bwalo likajaa vicheko. Loyce naye akanogewa. Akawasimulia alivyosimuliwa na bibi yake kule Vuga, kwamba zamani akifa Mzigua, watani wake Wasambaa huteremka mlimani kwenda msibani, wakavaa nguo za marehemu, wakamwigiza: anavyotembea, anavyokohoa, anavyomgombeza mkewe chumvi imezidi. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

"Msidhani jukwaa lililetwa na meli," alisema. "Tulikuwa nalo uani. Ijumaa tutafungia na hilo. Mimi Msambaa, nyie Wazigua, nitawafanyia utani wa msibani. Nani ananipa marehemu?"

Watu wakacheka. Awadhi hakucheka. Alifungua mkoba wake, akatoa khanga ya zambarau iliyofifia, imekunjwa vizuri sana, kama iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Ya Maryamu," alisema.

Loyce alimjua Maryamu kwa kusimuliwa. Mdogo wake Awadhi, wa pekee, aliyesoma chuo hiki hiki. Alitoka nyumbani mwisho wa likizo akiwa mzima, akafika hapa, homa ikampata, na kabla ya wiki kwisha wakamrudisha Kang'ata kumzika. Mwaka wa pili sasa.

"Una hakika?" Loyce alimnong'oneza.

"Nina sauti zake kwenye simu. Nimezisikiliza mpaka nimezichosha. Nataka nimsikie akisema kitu kipya, Loyce. Mara moja tu."

Na wewe mwanaume unayempenda akikuambia hivyo, utamkatalia? Loyce aliipokea khanga.

Mwanafunzi mmoja, Ramadhan, kijana wa Kwedizinga asiyependa maneno mengi, alimfuata baada ya kipindi.

"Madam, samahani. Kwetu mtani hamwigizi marehemu kijana. Anaigizwa mzee, aliyekula chumvi akashiba. Kijana hajamaliza yake. Ukimwita anaitika."

"Basi akiitika atuimbie," Loyce alimtania. "Tutamlipia nauli."

Ramadhan hakutabasamu. Alisema "haya, madam," akaenda zake.

Usiku wa siku zile Loyce alilala na sauti ya Maryamu masikioni. Msichana yule alikuwa akivuta pumzi katikati ya neno. Alikuwa akicheka kwa puani. Akiuliza kitu alimalizia na "eti eeh", akipandisha kidogo, kama anayejua tayari utamkubalia. Mpaka Alhamisi Loyce alikuwa ameshamjua. Asubuhi hiyo alipopasha koo kwa wimbo wake mwenyewe, ule anaoufungulia kila onyesho, ulitoka kwa pumzi za Maryamu. Akacheka. Akakohoa, akaanza upya. Ukatoka vile vile.

Ijumaa ikafika. Bwalo likajaa, wanafunzi, wakufunzi, na wapishi wakiwa wamejazana kwenye dirisha la kutolea chakula. Glory aliimba na kofia yake, Simeo na koti lake, watu wakapiga meza. Kisha Loyce akatoka na khanga ya zambarau imetupwa begani, bila kipaza sauti, na kabla hajafungua mdomo kicheko kikafa. Kulikuwa na upepo mchana kutwa, nao ukakoma. Mapazia ya bwalo yakaning'inia yametulia.

Aliimba wimbo wa Kizigua ambao Maryamu aliurekodi akifua, wimbo wa kitoto tu. Kisha akaanza kulalamika, kama mtani anavyofanya, ugali wa chuo mgumu, kitanda kina kunguni, kaka yake mkufunzi anamwonea aibu mbele ya watu.

"Eti ananiambia nisimwite kaka darasani! Nimwite mheshimiwa, eti eeh?"

Dirishani, Mama Paulina aliyekuwa mpishi wakati wa Maryamu aliweka mwiko chini polepole, akajifunika mdomo. Hakuna aliyecheka. Loyce alihisi hilo na halikumsumbua. Aliona kazi inakwenda vizuri.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, mlangoni.

"Maryamu."

"Abee, mama."

Lilimtoka bila kufikiri. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, baibui jeusi lina vumbi la safari, mkononi ana kikapu. Loyce hakumjua. Alidhani ni mmoja wa wapishi ameingia kwenye mchezo, na msanii mzuri akirushiwa mpira hauachi uanguke.

"Mbona uliondoka bila kuniaga?" yule mama aliuliza.

"Nilikuaga." Pumzi ikakatika katikati ya neno, mahali pake. "Ulikuwa unapepeta, umenipa mgongo. Nikasimama pembeni ya jiko nikasema, mama nakwenda. Ukaupiga ungo kwa nguvu. Nikajua umenisikia, ila una hasira na mimi. Nikasema tena kimoyomoyo, nikaenda."

Kikapu kilianguka. Yakamwagika mahindi mabichi na vitumbua vya kumletea mgeni, vikabingirika chini ya meza.

"Niliusikia mguu wako," mwanamke yule alisema. "Wallahi niliusikia. Nilisema nikigeuka nitakuwa nimeshindwa."

Loyce alitazama pembeni kumtafuta Awadhi. Awadhi alikuwa amesimama ameegemea ukuta, uso umempauka kama majivu, na midomo yake ilikuwa inasema neno moja bila sauti: mama, mama. Hapo ndipo Loyce alipoelewa mbele yake yupo nani, na ndipo alipoogopa.

Bi Mwanaisha alikuja mpaka mbele. Hakukimbia, hakulia. Alichukua ncha mbili za khanga begani kwa Loyce, akazivuta, akazifunga fundo gumu juu ya bega la kushoto.

"Hujajua kufunga mpaka leo," alisema kwa upole. "Nalala hapa Manundu kwa ndugu zetu. Kesho nakuchukua twende nyumbani."

Akatoka. Upepo ukarudi, mapazia yakaanza kupepea, na mtu mmoja kati ya wanafunzi akaanza kulia kwa sauti.

Awadhi alimkuta Loyce nyuma ya bwalo, karibu na matangi ya maji, amejishika mabega.

"Nilimwambia Jumamosi!" Awadhi alisema. "Kumbe amewahi. Alitaka kukuona kabla hujajipamba, anasema."

"Sasa ameniona."

"Loyce, nani alikwambia habari za ungo?"

"Wewe."

"Mimi sizijui. Siku ile nilikuwa huku Korogwe namngojea stendi."

"Basi nimetunga. Ndiyo kazi yangu, Awadhi, natunga! Nikiulizwa kitu jukwaani najibu. Mama gani wa Kang'ata hapepeti?"

"Na kuupiga ungo?"

"Nimetunga," Loyce alirudia, lakini sauti ilimpungua. Kwa sababu alikuwa ameliona lile jiko. Alipokuwa anasema, aliliona: mafiga matatu, moja limemeguka, na kuku mweupe amelala kwenye majivu.

Alinyoosha mkono amshike Awadhi. Awadhi akaurudisha wake nyuma, haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Samahani," alisema. "Sijui nimepatwa na nini. Nikikushika naona kama nafanya kitu kibaya."

"Mimi ni Loyce."

"Najua."

"Sijakwambia ujue. Niite."

Awadhi alimtazama usoni, kisha macho yakateremka kwenye bega la kushoto, kwenye fundo. Mdomo ulifunguka. Jina halikutoka. Na hilo, jamani, lilimuuma Loyce kuliko kukataliwa na mama wakwe kumi. Mwanaume aliyekuwa akimwita jina lake mara ishirini kwenye simu moja, leo amesimama mbele yake limemkwama.

"Nafungua hii takataka sasa hivi!"

"Usifungue!" Awadhi aliruka. "Tafadhali. Mtani akishafungwa na mfiwa, mfiwa ndiye anayemvua. Tena uwanjani pa msiba, siyo ugenini."

"Nikijivua mwenyewe je?"

"Sijawahi kumwona aliyejivua. Na mama hatakusamehe, Loyce. Itakuwa umemnyang'anya mwanawe kwa mkono wako."

Hapo ndipo Loyce alipokamatwa. Akilifungua fundo, amemkosa mama, na bila mama hakuna ndoa. Akiliacha, amemkosa Awadhi, maana nani atamshika mkono dada yake? Alikaa nalo. Alikwenda kuoga, akaoga shingo na miguu. Alimwomba Glory amsaidie kuliregeza kidogo tu, linamkaza. Glory aliangalia pembeni, akasema ana nguo za kuanua.

Jumamosi waliazima gari, Awadhi akaendesha. Bi Mwanaisha aliketi nyuma na Loyce, amemshika mkono, na kuanzia Korogwe mpaka Handeni mjini alimpa habari za kijijini kama anavyopewa mtu aliyekuwa safarini. Fulani amejifungua mapacha. Kisima cha chini kimekauka. Yule mbuzi wako mwenye doa amezaa, wajukuu wake sasa wamejaa zizi.

"Wote wana doa, eti eeh?" Loyce aliuliza.

Aliuliza kwa heshima tu, kuitikia. Lakini kwenye kioo macho ya Awadhi yalikutana na yake yakakimbia. Loyce akafunga mdomo. Aliapa moyoni kwamba hatasema neno mpaka Kang'ata, akaona anaogopa sauti yake mwenyewe, yeye anayekula kwa sauti hiyo.

Nyumbani walipokelewa na mzee mmoja wa makamo, Muhsin, mdogo wa marehemu baba yake Awadhi.

"Shikamoo, baba mdogo," Loyce alimwamkia kabla hajaambiwa ni nani.

"Marahaba," mzee Muhsin alijibu, akalitazama fundo, akasogea hatua nyuma. "Karibu... karibu, mwanangu."

Kuingia jikoni mlango ni mfupi. Loyce aliinamisha kichwa kabla hajauona mwamba wa juu. Ndani palikuwa na mafiga matatu, moja limemeguka. Hakuangalia kama kuna kuku.

Wakala ugali na mlenda. Sasa Loyce na mlenda ni paka na panya. Tangu utoto haujawahi kumpita kooni. Siku hiyo alimaliza bakuli, akaongezwa, akamaliza. Bi Mwanaisha alimtazama akila na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kutisha kuiona, furaha ya mtu aliyesahau kitu kwa makusudi.

Awadhi alishindwa kula. Alisukuma sahani.

"Mama, mvue sasa. Tumefika uwanjani."

"Mwache apumzike, ametoka mbali."

"Mama. Huyu ndiye niliyekwambia. Loyce. Nataka kumwoa."

"Astaghfirullah!" Bi Mwanaisha aliweka mkono kifuani. "Umwoe dada yako? Awadhi, mwanangu, usituletee laana ndani ya nyumba."

"Siyo dada yangu!"

"Basi mshike mkono. Mshike hapa mbele yangu nione."

Awadhi alinyanyua mkono. Loyce aliungojea, aliungojea kwa moyo wote, akiomba kimyakimya, nishike, nishike tu, yaishe. Mkono ulifika nusu ya njia ukateremka. Awadhi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini.

"Shemeji," mzee Muhsin alisema polepole, "mvue mtoto wa watu. Na yeye ana kwao. Akikawia na hiyo nguo, hata yeye atasahau njia."

"Nimemkosa mara moja, Muhsin. Hukuwepo nikiupiga ule ungo. Tokeni nje nyote wawili. Nataka kuongea na mwanangu."

Wanaume wakatoka mpaka nyuma ya zizi. Bi Mwanaisha alimtoa Loyce uani, akatandika mkeka, wakaketi wanatazamana. Jua lilikuwa utosini na hapakuwa na kivuli popote. Mbuzi zizini wamelala. Hakuna jogoo, hakuna mtoto anayeita, hata nzi hakuna.

"Maryamu, nikuulize kitu."

"Niulize, mama."

"Wewe uliko huko mnaona zaidi yetu. Huyu msichana wa Kisambaa, mwimbaji, anayemtaka kaka yako. Mimi sina imani naye. Kaka yako anakonda." Alimeza mate. "Nimpe?"

Nawauliza nyie mnaosoma, mngefanyaje? Neno moja tu. Mpe. Ndoa yake yote ilikuwa mdomoni mwake mwenyewe, na hakuna binadamu ambaye angejua. Bi Mwanaisha angelipokea neno hilo kama amri kutoka mbinguni. Angelifungua lile fundo kwa furaha, na kesho yake washenga wangekuwa njiani.

Na neno lilikuja. Loyce alilisikia likipanda kifuani, limeshavaa pumzi za Maryamu, na alipotaka kulizuia akagundua kitu kilichomsimamisha nywele: si yeye aliyekuwa analipandisha. Lilikuwa linapanda lenyewe. Lilifika kooni. Lilifika kwenye meno. Aliuma mdomo wa chini mpaka akaonja damu, akakaa hivyo, macho yanamtoka, mama anamngojea, mpaka lile neno likachoka likarudi lilikotoka.

Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa imekwaruza, mbaya, haina muziki wowote. Ilikuwa yake.

"Nivue, mama."

"Nini?"

"Nivue kwanza. Halafu mtazame huyo msichana usoni, umuulize mwenyewe."

Bi Mwanaisha alijivuta nyuma.

"Nikikuvua ataondoka."

"Ataondoka, mama."

"Nibaki na nini?"

"Utabaki na kilio. Hukuwahi kulia, Awadhi aliniambia. Watu walilia mazishini wewe unapika."

"Ungesema tu nimpe!" Bi Mwanaisha aliupiga mkeka kwa kiganja. "Ungesema neno moja ningempa, na wewe ningebaki nawe kidogo. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ningekuibia. Ningekuibia mtoto wako wa kiume kwa mdomo wa mtoto wako wa kike. Siwezi, mama. Nampenda Awadhi, nampenda mpaka naumwa, lakini hivyo siwezi. Ukininyima, ninyime mimi."

Kisha mikono miwili yenye sugu ikaja begani kwake. Fundo lilikuwa limekaza vibaya. Bi Mwanaisha alilivuta kwa kucha, akaliinamia, akalitia meno. Loyce alihisi pumzi ya moto ya yule mama shingoni na akafumba macho.

"Nilikusikia," Bi Mwanaisha alinong'ona, na hakuwa anamwambia Loyce. "Nilikusikia ukiniaga. Nenda, mwanangu. Nimekuruhusu. Nenda salama."

Fundo likaachia.

Zizini, mbuzi wote wakasimama kwa pamoja. Wakageuza vichwa kuelekea njia inayokwenda barabarani, na vichwa vile vikasogea taratibu, vikimfuatisha kwa macho mtu ambaye hayupo, akipita uwanja, akipita mgomba wa mwisho, mpaka kwenye kona. Kisha wakalala tena, mmoja mmoja.

Ndipo Bi Mwanaisha alipolia. Alilia kilio cha siku ya mazishi, kile cha kujitupa chini, khanga ameikumbatia tumboni, na Awadhi na mzee Muhsin wakaja mbio wakidhani kuna mtu amekufa. Hawakukosea sana. Loyce alikuwa amekaa pembeni, bega wazi, anatetemeka kwa baridi kwenye jua la saa saba.

Awadhi alisimama katikati, hajui aende kwa nani. Akamtazama mama yake. Akamtazama Loyce, na safari hii macho yake hayakukimbia. Alimwendea, akapiga goti kwenye vumbi, akamshika mikono yote miwili, kwa nguvu, mpaka vidole vikamuuma.

"Loyce," alisema. "Loyce. Loyce."

"Nipo," alijibu.

Kilio kikachukua muda wake. Mzee Muhsin alimletea shemeji yake maji ya kunawa, akanawa uso, akapangusa pua kwa upindo wa baibui, akaketi vizuri. Uso wake ulikuwa umezeeka, na ulikuwa mtulivu. Alimtazama yule mgeni kwenye mkeka wake kwa muda mrefu sana, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayemwona leo.

"Jina lako nani, binti?"

Loyce alijaribu kunyanyuka kwa heshima, miguu ikakataa, akasalimia pale pale alipo.

"Shikamoo, mama. Naitwa Loyce."

"Marahaba. Binti wa nani?"

"Wa mzee Nicolaus, wa Vuga."

"Vuga," Bi Mwanaisha alirudia. "Kule juu kabisa. Wakristo."

"Ndiyo, mama."

"Na unaimba."

"Naimba, mama. Ndiyo kazi yangu. Siachi."

Awadhi alifumba macho. Mzee Muhsin akakohoa. Bi Mwanaisha aliikunja ile khanga ya zambarau mara mbili, mara nne, akaiweka mapajani na kuipitisha kiganja juu yake.

"Ya dini wataongea wanaume wenyewe huko huko," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Muhsin, kanzu yako safi ipo?"

"Ipo."

"Itie pasi. Na utafute koti uazime, usije ukatuaibisha kwa kutetemeka mbele ya wakwe. Vuga kuna baridi."